Kijana wako ameshaona: jinsi ya kuzungumza naye kuhusu video za ngono, ridhaa na usalama mtandaoni

Jumamosi moja alasiri, katika ukumbi wa kanisa ninamokutana na vijana mtaani Umoja, niliwagawia vikaratasi nikamwomba kila mmoja aandike swali asiloweza kumuuliza mzazi wake. Hakuna kuandika jina. Walikuwa 18, wa miaka 13 hadi 17. Nilipofika nyumbani nikaanza kuvikunjua mezani, na kimoja, kwa penseli na mwandiko mdogo uliobanana, kiliuliza: "Madam, ni lazima msichana aumie?"

Nilikitazama kile kikaratasi kwa muda mrefu. Aliyekiandika alikuwa ameona kitu kwenye simu, akaamini ndivyo watu wanavyopendana, na katika Nairobi nzima hakuwa na mtu mzima wa kumuuliza.

Mwongozo huu nimewaandikia wazazi, walezi na walimu wenye kijana wa rika hilo. Ninalotaka ni moja: siku mambo yatakapomwendea mrama mtandaoni, akukimbilie badala ya kukukimbia. Ushauri wote ulio hapa nimeupima kwa kipimo hicho. Lolote ambalo lingemfanya afiche siku hiyo nimeliacha, hata likiwa na sura ya nidhamu.

Hatua ya 1: Tulia wewe kwanza

Usipoteze muda kujiuliza kama ameona. Chukulia kwamba ameona, au ataona karibuni, hata bila kutafuta. Darasa lina grupu la WhatsApp, mtu anatupia video humo saa tano usiku, na simu ya mwanao inaipakua yenyewe akiwa amelala. Kwenye matatu, abiria wa kiti cha mbele ameinua simu juu. Binamu amekuja kukaa likizo ya Agosti. Asiye na simu ana rafiki aliye nayo.

Ndiyo maana mazungumzo ya kwanza hayangoji sekondari. Mtoto wa Gredi ya 5 anaelewa vizuri sana maneno kama haya: "Kwenye intaneti kuna video za watu wazima wakiwa uchi. Hazikutengenezewa watoto. Ukikutana nayo, funga, kisha uje uniambie. Sitakugombeza." Na ukishaahidi kutomgombeza, shikilia ahadi hata siku ambayo moyo unakuenda mbio. Ukiivunja mara moja hatakuja tena.

Wengi wetu tuna imani, na sioni sababu ya kuificha. Mimi huwaambia vijana wangu waziwazi kwamba natamani wasiziangalie video hizo, na kwa nini. Lakini anayesema "ni dhambi" akafunga mlango hapo amemwacha yule wa penseli na swali lake. Sema unaloliamini, halafu endelea kukaa naye.

Wapo wanaohofia kwamba kulizungumzia jambo ni kulichochea. Jijini Boston, Marekani, programu ya vijana iitwayo Start Strong, iliyo chini ya idara ya afya ya jiji, ilianza mwaka 2016 kufundisha vijana kuichambua ponografia kwa mtaala uliotayarishwa pamoja na mtafiti Emily Rothman. Darasani hawaonyeshwi video yoyote. Wanafundishwa kuuliza: nani ametengeneza, kwa nini, na nini kimeachwa nje. Huko nilichota wazo moja lililobadilisha Jumamosi zangu, kwamba kijana akipewa maswali mazuri anaweza kuifikiria ponografia kwa akili yake, hata pale ambapo sisi hatupo.

Hatua ya 2: Tafuta maneno

Kiswahili chetu kina heshima, na heshima hiyo imetuzoesha tafsida. Tunasema "sehemu za siri", "tendo la ndoa", "kufanya tabia mbaya", "vitu vya watu wakubwa". Katika mazungumzo ya watu wazima tafsida hizo ni nzuri. Kwa mtoto zinaleta balaa. Msichana anayejua "tabia mbaya" peke yake hana neno la kueleza alichofanyiwa na jirani, kwa sababu kuiba sukari nako ni tabia mbaya.

Zamani palikuwa na watu wa kazi hii. Pwani kulikuwa na somo na kungwi. Bara kulikuwa na shosho, ambaye aliweza kumweleza mjukuu mambo ambayo mama hangeyatamka. Hapa mjini shosho yuko kijijini, tunamwona Desemba, na nafasi yake imechukuliwa na kioo cha inchi sita. Basi maneno ni lazima yatoke kwako: uume, uke, matiti, hedhi, ngono, ponografia, ridhaa, ubakaji. Yatamke peke yako jikoni kwanza, kwa sauti, hadi yaache kukukwama kooni. Nilifanya hivyo nikiwa na sufuria mkononi, na siku ya kwanza nilinong'ona nyumbani kwangu mwenyewe kana kwamba kuna mtu anasikiliza mlangoni.

Pa kuzungumzia ni muhimu kuliko unavyodhani. Usimwite sebuleni ukamketisha kochi la mbele kama mshtakiwa. Zungumza mkiwa ubavu kwa ubavu: mnaosha vyombo, mnatembea kwenda dukani, mmekwama kwenye msongamano wa Jogoo Road. Macho yasipokutana, maneno hutoka. Na uanzie mbali kidogo na yeye: "Nimesikia watoto wa shule wanatumiana video za ngono kwenye magrupu. Kwenu iko hivyo pia?" Akisema "sijui", mwache. Ulichotaka ni ajue kwamba neno hilo linaweza kutamkwa mbele yako. Atarudi nalo baada ya wiki mbili, mara nyingi usiku, wakati wewe unataka kulala.

Hatua ya 3: Mfundishe kuisoma video

Kabla sijaenda mbali: usimwonyeshe mtoto ponografia ili "umfundishe". Ni madhara, na mtu anayemwonyesha mtoto picha hizo kwa nia ya kumwingiza katika ngono anavunja Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Kwa somo hili huhitaji hata picha moja ya aina hiyo.

Anza na kile anachokijua. Nairobi imekulia kwenye vibanda vya video, watu wamebanana kwenye benchi wakimsikiliza DJ Afro akisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili. Kila mtoto wa mtaa anajua kwamba steringi, yule shujaa wa filamu, hafi. Anaanguka kutoka ghorofa ya tatu, anapangusa vumbi, na onyesho linalofuata shati lake limepigwa pasi. Hakuna mtoto wa mtaa wa Pipeline aliyetoka pale akaruka kutoka kwenye roshani ya ploti yao, kwa sababu tangu utotoni kulikuwa na mkubwa pembeni aliyesema, "Hiyo ni muvi." Kuhusu video za ngono, mkubwa huyo hakuwepo. Kijana ameachwa aamini kwamba pale steringi ni mtu wa kweli.

Zoezi ninalolipenda ni hili. Chukua tangazo lolote la televisheni, la sabuni au la mafuta ya kupikia. Gawa karatasi katikati kwa mstari. Upande mmoja andikeni kinachoonekana, upande wa pili kilichofichwa. Wataanza polepole: mama anacheka, shati ni jeupe. Kisha upande wa pili utaanza kujaa: taa kubwa, mpambaji, shati jipya lililotoka dukani leo, mama ambaye si mama wa yule mtoto, kurudia mara 15, malipo. Wakishapata mwendo, geuza karatasi uulize: na kwenye video za ngono, ni nini ambacho kamera haionyeshi?

Siku ya kwanza nilipouliza hivyo, ukumbi ulikaa kimya hadi nikasikia makanga nje akiita abiria wa kwenda mjini. Kisha mvulana wa miaka 16, wa nyuma kabisa, akasema taratibu, "Kumbe kuna mtu ameshika kamera." Baada ya hapo hawakunyamaza. Waliandika: mtu wa taa, mtu wa kusema "anza" na "kata", makubaliano ya kabla, malipo, sehemu zilizokatwa, vipimo vya magonjwa, kondomu, mtu aliyesema hataki, kuulizana "uko sawa?", kucheka, aibu, kesho yake asubuhi. Msichana mmoja akaongeza, "Hata majina hawaulizani." Mimi nilikuwa sijaliwaza hilo.

Ongeza mambo mawili ambayo hawatayafikia wenyewe.

La kwanza ni pesa. Tovuti hizo hazimwombi kijana shilingi, kwa hiyo anadhani ni bure. Anayelipa ni mwenye matangazo, na kinachouzwa ni muda wa macho ya mtazamaji. Tovuti hushindana kumzuia asiondoke, na kinachoshtua hushika macho kuliko cha upole. Ndiyo maana anayoyaona yana ukali mwingi. Ukali ule umechaguliwa kwa sababu unauza, na haukuambii lolote kuhusu wanavyopenda wanawake au wanaume. Miili nayo imechaguliwa vivyo hivyo. Mvulana wa miaka 14 anayejipima mbele ya kioo cha bafu kwa uume wa mtu aliyeajiriwa kwa sababu ya uume wake anahitaji kuambiwa hivyo kwa maneno haya haya, na ikiwezekana na mwanamume anayemheshimu.

La pili ni kwamba mtazamaji hawezi kujua kama anayemwona alikubali. Desemba 2020, mojawapo ya tovuti kubwa zaidi duniani za video hizi iliondoa mamilioni ya video kwa mpigo. Gazeti la New York Times lilikuwa limechapisha habari za watoto na wanawake ambao video zao zilipakiwa humo bila ridhaa yao, na Visa na Mastercard zikaacha kupitisha malipo yake. Video hizo zilikuwa zimeangaliwa na watu wa kawaida waliodhani wanaangalia maigizo. Vijana wangu wengi hushtushwa na hilo kuliko na hotuba yoyote niliyowahi kutoa.

Hatua ya 4: Fundisha ridhaa kwa lugha ya steji

Neno "ridhaa" lina uzito wa kitabuni. Mimi hulishusha hadi kwenye steji ya matatu.

Umefika steji jioni. Makanga amekushika mkono, mwingine amebeba begi lako, wote wanapiga kelele "beba, beba, wawili wa mwisho!" Unajikuta umeketi ndani. Je, ulikubali? Vijana hujibu kwa kelele: "Hapana, nilivutwa!" Haya. Umepanda mwenyewe, lakini makanga alisema hamsini na njiani anadai mia. Ulikubali? "Nilidanganywa." Umepanda kwa hiari, umelipa nauli, gari limefika Donholm ukabadili nia. Unaruhusiwa kusema "shukisha"? Wote: "Ndio!" Na umelipa? "Hata kama nimelipa!" Na jana ulipanda gari hilo hilo, leo ni lazima upande? Hapo huanza kutazamana.

Kisha tunasoma sheria, na wao wenyewe huona kwamba ndiyo ile ile. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinasema mtu ameridhia anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Aliyevutwa hana uhuru. Aliyelewa au aliyelala hana uwezo. Aliyenunuliwa chipsi na kuku hana deni. Watu husema kunyamaza ni kukubali, na msemo huo umewaumiza wengi, kwa sababu mtu akishikwa na hofu mara nyingi hukauka, hapigi kelele.

Usiruke suala la umri. Nchini Kenya, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ngono naye ni kosa la unajisi hata akisema alitaka. Wavulana wa miaka 17 huamini kwamba sheria hiyo ni ya wazee wanaofuata wasichana. Waambie mapema kwamba kijana mwenzao anaweza kushtakiwa pia.

Sasa mazoezi. Sehemu kubwa ya mafunzo huwafundisha wasichana kusema hapana, basi. Mimi naona tumeliacha nusu. Wafundishe wote, wavulana kwa wasichana, kuipokea hapana. Waoanishe wawili wawili, mmoja aombe kitu kidogo kama kuazima simu, mwingine akatae, na aliyekataliwa aseme tu: "Sawa. Asante kwa kuniambia." Asiulize kwa nini, asinune, asirudie kuomba. Utashangaa jinsi sentensi hiyo fupi inavyowashinda. Rudieni hadi iwe nyepesi mdomoni.

Nyumbani, ridhaa huonekana katika mambo madogo. Usimlazimishe kumkumbatia mjomba; kumwamkia kwa heshima kunatosha. Bisha hodi chumbani kwake. Na kabla hujaweka picha yake kwenye stetasi yako ya WhatsApp, muulize, na akikataa usiiweke. Hatuwezi kuwaambia kwamba picha ya mtu ni ya mtu huku tukizipakia zao wakiwa wamelala na mdomo wazi.

Na yule wa penseli? Jumamosi iliyofuata nilijibu mbele ya wote bila kukitoa kikaratasi: "Hapana. Hakuna anayepaswa kuumia. Maumivu ni ishara ya kusimama. Mkiona kwenye video mtu anaumizwa na mwenzake anaendelea, mnachokiona si mapenzi." Sikumtafuta kwa macho. Hadi leo simjui.

Hatua ya 5: Picha zao wenyewe

Mtaani kwetu, picha ya msichana wa miaka 15 ilivuja. Aliituma kwa mvulana mmoja aliyemwandikia "kama unanipenda utatuma". Ndani ya saa chache ilikuwa shuleni, na kufikia jioni ilikuwa kwenye grupu la wakazi, ikisukumwa na watu wazima, wazazi, na maneno juu yake: "Angalieni watoto wa siku hizi." Niliumia kuona majina ya waliokuwa wakiisambaza. Ninakutana nao dukani. Yule mtoto alihamishwa shule. Mvulana hakuulizwa chochote.

Kwa hiyo naanza na wewe mzazi. Ikikufikia picha ya uchi ya mtoto, usiisambaze kwa yeyote, wala kwa lengo la kuonya, wala kwa "ushahidi". Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 24, inagusa hata kupakua na kuwa na picha za ngono za watoto, na adhabu yake hufika faini ya shilingi milioni 20, au kifungo cha miaka 25, au vyote viwili. Kifungu cha 37 kinahusu kusambaza picha za faragha za mtu yeyote: hadi shilingi 200,000, au miaka miwili jela, au vyote.

Kwa kijana, sheria hiyo isiwe fimbo ya kumtishia asije kwako. Mweleze hivi: usitume, kwa sababu ikishatoka huna tena usukani. Ile picha inayojifuta baada ya kuonwa hupigwa picha kwa simu ya pili. Usiombe, kwa sababu kuomba mara tano hadi mtu achoke ni kule kuvutwa steji. Ikikufikia ya mwenzako, iishie kwako: ifute na umjulishe mtu mzima. Na kama umeshatuma, bado wewe ni wangu na bado tunaweza kufanya jambo. Hilo la mwisho lirudie mara nyingi kuliko yote.

Siku hizi huhitaji hata kutuma. Akili unde (AI) inaweza kuchukua picha ya sare ya shule na kuunda ya uchi. Waambie kwamba kufanya hivyo kwa mwenzao ni udhalilishaji, na aliyefanyiwa hana aibu yoyote ya kubeba.

Hatua ya 6: Simu yenyewe

Mambo ya dakika 20, fanyeni pamoja naye akiona. Kwenye WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, kisha kwenye faragha chagua kwamba watu anaowafahamu pekee ndio wanaoweza kumwingiza kwenye magrupu. Kwenye Google washa utafutaji salama. Simu nyingi za Android za kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya mtandao iitwayo Private DNS: andika hapo family.cloudflare-dns.com, nayo itazuia tovuti nyingi za ngono bila malipo. Akaunti za TikTok na Instagram ziwe za faragha. Kumbuka pia simu kuukuu ya baba iliyo kwenye droo.

Usiweke programu za kumpeleleza kisiri. Kijana wa miaka 15 hujua njia ya kuzikwepa kabla hujamaliza kuzilipia, na akigundua ulimchunguza kisiri, amekupa mgongo. Kizuizi kinasaidia watoto wadogo wasikutane na uchafu kwa bahati mbaya. Kazi yake inaishia hapo.

Hatua ya 7: Siku lilipotokea

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa akiambua njegere Jumapili saa mbili usiku. Mwanawe wa miaka 15 akaja akasimama mlangoni mwa jikoni, simu mkononi, akasema, "Mum, usikasirike." Msichana aliyekuwa akichati naye wiki nzima, ambaye huenda hakuwa msichana wala hakuwa na umri ule, alikuwa amemshawishi atume picha. Sasa alidai shilingi 3,000 kwa M-Pesa kabla ya saa tatu, la sivyo ingetumwa kwa darasa zima. Mama huyo aliniambia kwamba aliendelea kuambua njegere kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka na hakutaka mtoto aione. Kisha akasema, "Umefanya vizuri kuniambia. Kaa hapa."

Maneno hayo mawili ndiyo ya kwanza. Swali la "kwa nini ulituma?" halina kazi usiku huo. Baada ya hapo:

Msilipe. Anayelipwa mara moja hurudi kudai zaidi.

Msifute mazungumzo. Pigeni picha za skrini za vitisho, jina la akaunti, nambari ya simu na nambari ya M-Pesa, pamoja na tarehe na saa. Picha yenyewe ya uchi msiinakili.

Mfungieni huyo mtu (block) asiweze kuwaandikia, na muiripoti akaunti yake ndani ya programu.

Tumieni huduma ya Take It Down, inayoendeshwa kutoka Marekani na kupatikana bure popote. Ni ya picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha haiondoki kwenye simu. Hutengenezwa alama yake ya kidijitali, na mitandao inayoshiriki huitumia kuitambua na kuiondoa. Kwa waliotimiza miaka 18 wakati picha ilipopigwa kuna StopNCII.

Pigeni 116, simu ya watoto, bure, usiku na mchana. Kijana mwenyewe anaweza kupiga bila wewe, na ajue hivyo. Kwa dhuluma za kijinsia kuna 1195. Idara ya upelelezi wa jinai, DCI, ina kitengo cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kulinda watoto, na taarifa hupokelewa bure kwa 0800 722 203. Ukienda kituo cha polisi, omba dawati la jinsia, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Kama kuna mtu mzima aliyekutana na mtoto ana kwa ana au kumgusa, njia ni nyingine. Asioge, nguo zisifuliwe, mfikisheni hospitalini mara moja, maana dawa za kuzuia HIV hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, GVRC, katika Nairobi Women's Hospital huwatibu waathiriwa bila malipo. Na mtoto mdogo anapokuambia kwamba mkubwa fulani humwonyesha video, usilichukulie kama utundu wa mtoto. Wanaonajisi watoto mara nyingi huanzia hapo. Mwamini, mtenge na mtu huyo leo hii, kisha piga 116.

Usiku huo wa kwanza asilale peke yake. Kijana aliyetishwa namna hii huweza kuona hakuna njia ya kutokea, na wapo waliojiua. Muulize moja kwa moja kama amewaza kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asubuhi zungumza na mwalimu mmoja unayemwamini, mmoja tu.

Yule mdai wa usiku wa njegere aliandika mara tatu zaidi kwa akaunti nyingine, wakamfungia, akanyamaza. Mama na mwanawe walikula saa nne. Jumatano mama alimrudishia mwanawe simu yake.